Walitaka Jina Langu Tu

Assalam alaikum wapenzi wangu, hamjambo huko nyumbani. Leo sijaenda sokoni kuwaonyesha bei wala sipiki, nimekaa tu hapa chumbani nizungumze na nyinyi, manake wengi mmeniuliza mbona nilipotea miezi minne bila video, na nimechoka kuwajibu ati kazi nyingi. Kazi haikuwa nyingi, ndiyo shida yenyewe.

Mnajua nilikuja hapa Leeds kwa viza ya kea, yaani kazi ya kutunza wazee na wagonjwa. Kea ya majumbani iko hivi, unapewa rota, ratiba ya zamu, kwenye simu, saa moja uko kwa huyu, saa moja na nusu uko kwa yule, unamwogesha mzee, unampa dawa zake, chai na mkate, unaandika kwenye apu kila ulichofanya, mbio kwa mwingine. Sasa kuna wale wasioweza kusimama kabisa, hao wananyanyuliwa na hoisti, ni kama winchi ndogo ina kitambaa chake, mtu anakaa ndani anapandishwa polepole, na tulivyofundishwa ni lazima muwe wawili, mmoja yuko na mashine, mmoja amemshika mtu. Kaunsili, yaani halmashauri ya mji, nayo inalipa pesa ya watu wawili.

Kampuni niliyokuwa nayo ikawa inatuma mmoja. Halafu usiku mimi niko kwangu nimeshavua viatu naona meseji ya kodineta, yule anayepanga zamu, fulani ameenda kwa bibi yule, ingia kwenye apu uandike mlikuwa pamoja. Basi. Hawakutaka niibe wala nimuumize mtu, walitaka jina langu tu.

Na sitawadanganya, niliandika. Mara nne. Ya kwanza niliona vibaya hata chakula hakikushuka, ya pili nikajiambia wenzangu wote wanafanya, ya tatu hivohivo, ya nne sikujiambia kitu, nilibonyeza nikaendelea kukunja nguo. Asubuhi yake nikaenda kwa yule bibi mimi mwenyewe nikamkuta mkono umevilia damu, kuanzia kiwiko mpaka karibu na kwapa, nikamuuliza nini hiki bibi, akasema jana usiku aliteleza kwenye kitambaa. Nikafungua apu nisome. Imeandikwa amenyanyuliwa na watu wawili, salama, na mmoja wa wale wawili ni mimi.

Wallahi nilikaa kwenye ngazi za ile nyumba mpaka nikachelewa kwa mzee wa pili.

Siku hiyo nikawaandikia ofisini kwamba jina langu lisitumike tena kwa nyumba ambayo sikuingia, na zile mara nne nikazitaja, tarehe na saa. Nikawaandikia na wakaguzi, CQC, hao ndio wanaokagua huduma za kea huku England. Hakuna aliyenifokea. Meneja akanishukuru hata. Wiki iliyofuata rota ikaja, kutoka masaa 39 nimebakishwa na 14, ati wateja wamepungua. Na mimi viza yangu imefungwa kwa sponsa, yaani mwajiri aliyenidhamini, nikiachishwa naye kwa kawaida napewa siku 60 nitafute mwingine au nirudi, na kama mnavyojua sponsa siku hizi wa kutafuta kwa tochi. Kwa hivyo hawakuwa na haja ya kunitisha, viza ilikuwa inawafanyia hiyo kazi.

Hapo ndipo nikawa namfikiria David Munyakei. Babangu alikuwa akimtaja sana nikiwa mdogo. Alikuwa karani pale Benki Kuu ya Kenya, kijana tu, makaratasi yanapita mezani kwake, akaona pesa zinazolipwa kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu na almasi wanazosema wameuza nje, kila shilingi mia serikali inawaongezea 35, na Kenya migodi ya almasi haina, dhahabu yetu yenyewe ni ya kuchokoachokoa kule Migori na Kakamega. Akatoa nakala, zikafika kwa wabunge wa upinzani, mwaka 1993 mambo yakalipuka Bungeni. Yeye akakamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, kesi ikaja ikaondolewa lakini kazi hakurudishiwa. Akaja kujificha kwetu Mombasa, akasilimu, akaoa. Tume ya Bosire ya kuchunguza kashfa hiyo ilipoundwa 2003 akaenda akatoa ushahidi, 2004 akapewa tuzo na Transparency International Kenya, watu wakapiga makofi, na 2006 akafa maskini, akaacha mke na watoto.

Mimi zamani nikisikia hiyo habari nilikuwa namwona yeye tu. Sasa namfikiria mkewe. Manake mimi nilipokataa nilidhani nitalipa mimi, nitakula wali na maharage, sitanunua koti, sawa. Kumbe aliyelipa ni mamangu. Karo ya mdogo wangu ilifika sina, na yeye hakuniambia neno, akachukua bangili zake mbili za harusi akaenda akauza. Nimekuja kuambiwa na shangazi. Mimi sikumwomba ruhusa kabla ya kuandika ile barua, jamani. Nilitoa kitu ambacho nusu yake ni chake. Sijutii barua, lakini hili la bangili sijalipatia jibu, kila nikisali linarudi, na wale wanaosema ukifanya haki utalala usingizi mzuri, mimi nililala vibaya miezi yote minne.

Nikampigia mamangu. Nikamwambia kila kitu, hata zile mara nne. Nilikuwa nimejitayarisha anilaumu, aniambie kwani ungeandika tu ungepungukiwa nini, kama alivyoniambia rafiki yangu mmoja hapa, na simlaumu, ana watoto watatu. Mamangu akanyamaza, nasikia tu feni ya dirishani inazunguka. Halafu akauliza, "Na huyo bibi, sasa nani anamnyanyua?"

Nikamwambia sijui mama, wamenitoa kwenye ile nyumba.

Akasema, "Basi mwulizie."

Kesho nina shifti upande ule ule wa mji, nitashuka basi kituo kimoja kabla.