Protoni 15 na Malango Yake

Ndugu wasikilizaji, tuanze na hesabu ndogo. Bakteria wa utumboni, Escherichia coli, ana ujazo wa karibu femtolita 1, yaani lita moja iliyokatwa vipande milioni bilioni. Ndani yake pH, yaani kipimo cha protoni huru (ioni za hidrojeni), ni kama 7.6; pH ikishuka protoni huzidi na hali huwa ya asidi, ikipanda hupungua na hali huwa ya alkali. Kokotoeni wenyewe mtaona kwamba, kwa wakati wowote ule, protoni zilizo huru humo ndani ni 15 hivi. Si elfu 15. Ni 15.

Zipo nyingine nyingi mno, lakini zimeshikwa na protini na fosfati, na akiba hiyo ndiyo inayopunguza makali ya mabadiliko. Hata hivyo, hesabu hii hainitoki akilini kila ninapofikiria utando wa seli, kwa sababu bakteria huyu hukua nje kukiwa na pH 5.5 na hukua nje kukiwa na pH 9, huku ndani yake ikicheza baina ya 7.4 na 7.8 tu. Vimeng'enya vyake havistahimili zaidi ya hapo.

Utando wenyewe ni mafuta, na ioni hazipenyi kwenye mafuta kwa urahisi. Kupita ni kazi ya protini zilizopachikwa humo. Seli inapopumua, baadhi ya protini hizo husukuma protoni nje. Mwanabiokemia Mwingereza Peter Mitchell alitoa hoja hiyo mwaka 1961, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Matokeo yake ndani hubaki hasi na nje chanya, kwa tofauti ya milivolti 150 hivi. Msizidharau. Utando una unene wa nanomita 4 tu, kwa hiyo ni zaidi ya volti milioni 30 kwa mita.

Sasa mtieni bakteria wetu kwenye alkali ya pH 9. Nje protoni ni pungufu mara 25 kuliko ndani, kwa hiyo mtawanyiko wa kawaida ungezitoa. Yeye anataka ziingie. Atazivuta kwa nguvu gani?

Kwa umeme. Kuna protini iitwayo NhaA ambayo huingiza protoni 2 na kutoa ioni 1 ya sodiamu. Chaji mbili chanya zimeingia, moja imetoka, na ndani ni hasi: umeme wa utando unaivuta ile chaji iliyozidi. Kisha mfumo wa upumuaji hutoa protoni 1 kurudisha umeme uliotumika. Jumlisheni: protoni 1 imebaki ndani, sodiamu 1 imeondoka. Faida ni mbili kwa mpigo, maana penye alkali sodiamu nayo ni sumu kali zaidi. Baadhi ya sodiamu hurudi baadaye ikiwa imefuatana na virutubisho kama prolini, na mzunguko unaendelea.

Hapa naomba tutulie. NhaA moja, katika pH 8.5, hutoa ioni za sodiamu kama 100,000 kwa dakika. Maana yake ni protoni zaidi ya 3,000 kwa sekunde zinaingia kupitia mlango mmoja, katika chumba chenye protoni huru 15! Mlango wa namna hiyo ukisahaulika wazi wakati nje kuna asidi, seli inakufa. Ndiyo maana pH inaposhuka hadi 6.5, NhaA karibu isimame kabisa. Umbo lake lililochapishwa mwaka 2005 lilipatikana katika pH 4, protini ikiwa imejifunga: faneli pana imeelekea ndani ya seli, na njia ya kutokea nje imezibwa. Kwangu mimi, kujifunga huku kunastaajabisha kuliko ile kasi.

Upande wa asidi mambo yamegeuzwa. Katika pH 2 protoni hujipenyeza zenyewe, na kuzisukuma tu hakutoshi. Bakteria huyu huingiza glutamati, aina ya asidi amino, kwa kutumia protini ya utando iitwayo GadC. Ndani, kimeng'enya huikata glutamati hiyo na katika kuikata humeza protoni 1. Kinachobaki, yaani GABA, hutolewa nje na GadC hiyohiyo, ikibadilishana na glutamati nyingine. GadC nayo ina kufuli, ila linafanya kazi kinyume na lile la NhaA: pH ikipanda kupita 6.5, mkia wa protini yenyewe hujikunja, ukaingia kwenye njia yake na kuiziba.