"Naweza" kwa Kijapani: fikiria "inasomeka"

Habari zenu huko nyumbani, Bara na Visiwani, na majirani zetu wa Kenya nawaona pia kwenye maoni. Karibuni tena. Tangu video iliyopita mlioanza Kijapani mmeniuliza jambo moja: "kuweza" wanalisemaje hawa watu?

Njia ya kwanza wengi mnayo tayari. Chukua kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi, ongeza koto ga dekiru. Yomu ni kusoma. Yomu koto ga dekiru, naweza kusoma. Ni sahihi kabisa, na kwenye maandishi rasmi utakutana nayo sana. Ila kwa mazungumzo ni ndefu. Ukienda kuomba kibarua dukani, bosi atakuuliza kwa mkato: "Nan'yōbi ni hairemasu ka?" Siku gani unaweza kuingia zamu? Hairu, kuingia, imegeuka haireru. (Wanafunzi, mkumbuke kwamba viza ya masomo inawaruhusu saa 28 tu kwa wiki, tena mpaka mwombe kibali.)

Kanuni yake fupi. Kundi la kwanza la vitenzi, u ya mwisho inakuwa eru: yomu, yomeru, kaku, kakeru, hanasu, hanaseru. Kundi la pili, ambalo vitenzi vyake huishia na eru au iru, unatoa ru unaweka rareru: taberu, taberareru. Suru inakuwa dekiru, kuru inakuwa korareru. Hayo mawili meza tu.

Sasa jamani, hapa ndipo Kiswahili kinatubeba. Vitabu vingi vya Kijapani tunavyosomea vimeandikwa kwa Kiingereza, na vinakufanya uwaze "mimi naweza". Acha. Waza kusomeka, kulika, kuandikika. Kwa kawaida unasema kanji o yomu, nasoma kanji (zile herufi zenye asili ya Kichina), na o inaonyesha kinachosomwa. Ukifika kwenye yomeru, mara nyingi o inaondoka na ga inakaa mahali pake: kanji ga yomeru. Wenzangu darasani wanaumwa kichwa na hiyo ga. Kwetu sisi, kanji zinasomeka, zenyewe ndizo zimeshika kiti cha mbele. Mwenye uwezo anatangulizwa kwa wa: watashi wa kanji ga yomemasu, yaani mimi, kanji zinanisomekea.

Msiivute mbali sana lakini. Sisi tukisema chakula hiki kinalika, tunakisema chakula. Mjapani akikuuliza "Nattō, taberaremasu ka?" anakupima wewe mlaji. Na atakuuliza tu! Ni yale maharage ya soya yaliyochachushwa, yanavutika nyuzi kama mlenda. Mgeni yeyote hapa lazima aulizwe.

Kuna mieru na kikoeru. Hizo ni kuonekana na kusikika kabisa, kitu kinakujia chenyewe. Asubuhi ya baridi, anga safi, hata ukiwa Tokyo utasikia mtu anasema "Fujisan ga mieru", mlima Fuji unaonekana. Ila filamu fulani ikiwa inapatikana kwenye ukumbi fulani, hapo ni mirareru, maana umepata nafasi ya kwenda kuitazama.

Na "huenda" je? Ame ga furu kamoshirenai, huenda mvua ikanyesha. Tazama mkia wake: shirenai, haijulikani. Hata ikemasen, ile ya kukatazwa, imezaliwa na iku, kwenda. Haiendeki! Mimi nilipoigundua hiyo nilicheka peke yangu kwenye treni, na treni za huku watu wamenyamaza kimya.

Jingine: kazini utasikia tabereru, mireru, ile ra imemezwa. Vijana wanasema hivyo, na wazee wengi tu pia. Kwenye televisheni mtu anatamka tabereru, maandishi chini ya kioo yanamsahihisha kuwa taberareru. Mimi naona hao walioimeza wana hoja, kwa sababu taberareru ni "kuliwa" vilevile, inachanganya. Lakini kwenye mtihani andikeni ndefu, msije mkakosa alama kwa ajili ya mtaa.

Haya, zoezi. Kaeru ya kurudi nyumbani: ni kaereru au kaerareru? Kabla hamjajibu, rudini mkaiangalie ile hairu ya bosi, imeishia na iru lakini imekwenda kundi gani? Nawasubiri kwenye maoni.