Jönköping, Mji wa Ziwani Uliotupatia Kiberiti

Mabibi na mabwana, aliye na kiberiti mfukoni naomba akitoe na kutazama ubavu wake. Ule utepe wa kahawia ndio unaonifanya niwazungumzie Jönköping, mji wa kusini mwa Uswidi uliokaa kwenye ncha ya ziwa Vättern, ziwa la pili kwa ukubwa nchini humo, lenye kina kinachozidi mita 120.

Mfalme Magnus Ladulås aliupa hadhi ya mji mwaka 1284, na tamko köping katika jina lake maana yake ni mahali pa biashara. Mwaka 1612, majeshi ya Denmark yalipokuwa yanakaribia, wenyeji waliuteketeza kwa mikono yao wenyewe ili adui asipate pa kujihifadhi. Ukajengwa upya pembeni kidogo, na mwaka 1634 ukapewa mahakama ya rufaa, Göta hovrätt, ambayo ipo hadi leo.

Lakini moto uliolifikisha jina la mji huu mbali ni mwingine. Neno letu kiberiti, kwa asili yake ya Kiarabu, ni salfa, ndiyo maana katika Biblia Sodoma inanyeshewa kiberiti na moto. Vichwa vya njiti za zamani vilitiwa pia fosforasi nyeupe, sumu iliyowaka kwa msuguano mdogo popote, na ambayo mvuke wake uliwaozesha taya wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1844 mwanakemia Gustaf Erik Pasch alipata hataza ya wazo ambalo mimi bado linanistaajabisha kwa wepesi wake: fosforasi iondolewe kichwani mwa njiti, na ile nyekundu, isiyo na madhara hayo, ipakwe kwenye kisanduku, ili moto usizaliwe mpaka viwili hivyo vikutane. Waliolifanya wazo hilo kuwa bidhaa ni ndugu wawili wa Jönköping, Johan Edvard na Carl Frans Lundström, waliotunukiwa medali katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1855.

Tukiisifu kazi hiyo, tuwataje pia wanawake na watoto waliokunja na kugandisha visanduku kwa gundi majumbani mwao kwa ujira mdogo, kabla fundi Alexander Lagerman hajaunda mashine za kufanya kazi hiyo. Utajiri wa mji ulipita vidoleni mwao.

Leo manispaa ina wakazi zaidi ya 140,000, chuo kikuu na kumbi kubwa za maonyesho ya biashara. Njiti hazitengenezwi tena pale. Jengo la kiwanda la mwaka 1848 limekuwa makumbusho ya kiberiti, na mtaa uliokuwa wa viwanda sasa una migahawa na sanaa. Mgeni akitoka humo ni mwendo mfupi tu kufika ufukweni, kwenye maji baridi na maangavu ya Vättern, ambayo ndiyo yanayotoka kwenye mabomba ya mji.