Mwali na Somo Wake: Wanafunzi wa Uuguzi na Fiziotherapia Wanapoingia Wodini

SOMOE: Karibuni tena wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi na kokote mliko. Mimi ni muuguzi Somoe, niko na mwenzangu Issa, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, mtu wa Nachingwea anayejifanya wa Mtwara.

ISSA: Sijifanyi, dada Somoe. Anayekula ming'oko kila jioni kama mimi ni wa Mtwara, hahitaji barua ya mtendaji.

SOMOE: Haya, mwenyeji. Leo tunawazungumzia wanafunzi wa uuguzi na ukunga, na hawa wa kwako wa fiziotherapia, wanaoanza kuingia kwenye kazi. Mimi naanza na hela, kwa sababu ndiko wanakoanzia kukwama. Vyuo vinafunguliwa mwezi wa kumi hivi. Sasa mzazi wa Tandahimba, hela yake mwezi wa kumi iko wapi?

ISSA: Iko ghalani.

SOMOE: Iko ghalani! Korosho ameshazipeleka chama cha msingi, karatasi anayo mkononi, minada ndiyo kwanza inaanza. Malipo yakija ni Novemba, pengine Desemba. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani tuko nao tangu msimu wa 2007/08, huku hata mtoto wa darasa la nne anauelewa. Mweleze mhasibu wa chuo kilicho Tabora uone. Yeye anataka risiti ya benki.

ISSA: Msikilizaji atauliza, Tabora kafikaje? Si kuna vyuo Newala, Ndanda, Nyangao? Vipo. Lakini udahili wa vyuo vya afya vya serikali unapita NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Unaomba kwenye mfumo, unapangiwa. Mtoto wa Kitangari anaweza kuangukia Tabora, na wa Bukoba akaletwa Newala.

SOMOE: Kwa hiyo mzazi, ukipata barua ya udahili, usingoje mwanao afukuzwe darasani ndipo uanze kupiga simu. Andika barua mapema, eleza kwamba unalipa kwa awamu baada ya mnada, na ambatisha nakala ya stakabadhi. Vyuo vingi vinakubali awamu. Wanachokichukia ni mtu kukaa kimya.

ISSA: Na mkopo usisahaulike. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha na wanafunzi wa stashahada kwenye fani za kipaumbele, na afya imo. Kinachowaangusha wengi ni vyeti. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Kama mzazi alifariki, na cheti cha kifo vilevile. Mtu anakuja kushtuka dirisha la maombi linakaribia kufungwa, na cheti cha kifo cha baba hakikuwahi kuchukuliwa.

SOMOE: Hiyo ni kazi ya kufanya wakati mtoto anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Anakaa nyumbani miezi hiyo, atumwe RITA.

ISSA: Kwa upande wetu wa fiziotherapia mambo ni mazito zaidi. Kwa miaka mingi, ukitaka kusomea kazi hii ngazi ya stashahada, njia ilikuwa ni chuo cha hospitali ya KCMC, Moshi. Toka Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita mia tano, bado hujaanza kwenda kaskazini. Wanaosafiri njia hiyo wanakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ilivyokatika upande wa Somanga. Mwanafunzi yuko upande huu, mitihani iko upande wa pili.

SOMOE: Nilikutana na mmoja aliyerudi nyumbani nauli yote imeishia njiani. Lakini Issa, hela ukiimaliza, kuna jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko ada. Mwanafunzi anafika wodini na hakuna mtu wa kumpokea.

ISSA: Anapokelewa na mlinzi getini.

SOMOE: [anacheka] Na mlinzi ndiye mkarimu kuliko wote! Sikiliza. Huku kwetu mwali hachezwi bila somo. Yule somo anamfundisha, anamsimamia, na hata baada ya ngoma mwali akifanya jambo la ajabu watu wanauliza, somo wake nani? Sasa tunamchukua binti wa miaka kumi na tisa, tunamwingiza wodi ya wazazi usiku, na hana somo. Wako kumi na tano wamezunguka kitanda kimoja cha mgonjwa, wa mbele anaona, wa nyuma anasaini logibuku, lile daftari la kuonyesha kazi alizofanya.

ISSA: Hapo umesema. Logibuku imejaa, mikono mitupu.

SOMOE: Ninavyofanya mimi wodini kwangu, kila muuguzi mzoefu anapewa wanafunzi wawili, watatu wakizidi. Anawajua kwa majina. Siku za kwanza wanamtazama akifanya. Kisha wanafanya yeye akiwa pembeni. Zamu ikiisha wanakaa dakika kumi tu: leo umeona nini, wapi hukuelewa. Hiyo haihitaji bajeti. Inchaji wa wodi akiamua, kesho inaanza.

ISSA: Na wale wanaofokewa mbele ya wagonjwa?

SOMOE: Linaniudhi hilo. Kuna hospitali moja, siitaji, niliona mwanafunzi akiitwa mjinga mbele ya bibi aliyekuwa anasubiri kutundikiwa dripu. Unadhani bibi alitoa mkono tena? Alikunja kiganja, akasema anamsubiri nesi mkubwa. Yule binti aliogopa kanula, ile sindano ya dripu, muhula mzima.

ISSA: Uoga huo ndio unaofanya watu wafiche mambo. Mwanafunzi akijichoma sindano iliyotumika, jambo la kwanza linalomjia ni kuficha, asije akaambiwa mzembe.

SOMOE: Tusimame hapo, hili ni la maisha. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue. Usipake jiki. Toa taarifa palepale, hata saa nane za usiku. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida, kwa hiyo usizichukulie hizo saa 72 kama ruhusa ya kungoja kesho. Unazimeza siku 28. Usiache katikati kwa sababu kichefuchefu kimekuzidi, rudi uongee na aliyekupa.

ISSA: Na homa ya ini B?

SOMOE: Hiyo ina chanjo. Dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita tangu ulipoanza. Mwanafunzi aanze kabla hajagusa mgonjwa. Nyinyi mjomba na shangazi mnaouliza mumsaidie nini mtoto aliyechaguliwa uuguzi, badala ya begi jipya la magurudumu, mlipieni chanjo hiyo kama chuo hakimpi. Na viatu vilivyofunika vidole. Ndala wodini, sindano ikidondoka inatua kwenye mguu.

ISSA: Mimi ningeongeza chumba. Akiletwa kwa mazoezi ya vitendo Mtwara mjini, hosteli ikijaa, anapanga chumba mbali, anatoka zamu ya jioni saa mbili usiku, bodaboda haiko salama na hela hana. Kama una chumba cha uani karibu na hospitali, Ligula au kule Mitengo ilipo hospitali ya kanda, mpangishe mwanafunzi kwa mwezi mmoja mmoja. Tusidaiane kodi ya miezi sita mtu ambaye fildi yake ni wiki nane.

SOMOE: Wenye nyumba mmesikia. Haya, nataka useme upande wako, kwa sababu watu wanadhani fiziotherapia ni kukanda.

ISSA: Wanatuita "wale wa masaji". Mwanafunzi wangu anakuja na daftari limejaa majina ya misuli, anamkuta mzee wa Nanyamba ana kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, na anaongea Kimakonde kitupu. Mwanafunzi katoka Mwanza. Anamwambia "nyanyua mkono digrii tisini". Mzee anamtazama.

SOMOE: [anacheka] Digrii tisini!

ISSA: Basi namwambia, muulize kwanza binti yake mzee alikuwa anafanya nini asubuhi. Anaambiwa alikuwa anakaa mkekani, anabangua korosho, anatawadha mwenyewe, anaenda msikitini. Hayo ndiyo mazoezi yako. Mfundishe kukaa mkekani na kuinuka. Mfundishe kushika birika. Na nyumbani, mkamwonyeshe kijana wa pale kusimamisha miti miwili ya mianzi sambamba uani, iliyochimbiwa vizuri, mzee ashike atembee katikati. Kitanda cha mazoezi cha hospitali hakiendi Nanyamba.

SOMOE: Na wauguzi wako wapi hapo?

ISSA: Ndiyo hoja yangu, dada. Mimi namwona mzee nusu saa. Muuguzi yuko naye siku nzima. Kama hageuzwi kila baada ya saa mbili, anapata vidonda vya kulalia, na mazoezi yangu yote yanakwenda bure. Kwa hiyo nikipata wanafunzi wangu na wako siku moja, nawafunga pamoja. Wa uuguzi ajue kumweka mgonjwa bega lisivutwe. Wa fiziotherapia ajue kusoma chati ya presha kabla hajamsimamisha mtu. Wakizoeana wakiwa wanafunzi, wakija kuajiriwa hawatabishana nani abebe mgonjwa.

SOMOE: Mnachoka moyo pia. Kazi yenu matokeo yanachelewa.

ISSA: Mno. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mama anakuja kutoka Tunduma ya Masasi huko ndani—

SOMOE: Tunduma iko Songwe, Issa.

ISSA: Samahani, Lulindi nilitaka kusema. Anambeba mgongoni, miezi inapita, mtoto ndiyo kwanza anashika shingo. Mwanafunzi anaona hakuna kilichotokea. Hapo namsogeza kwenye kliniki ya mguu kifundo. Ile njia ya daktari Ponseti: mtoto mchanga, mguu umepinda ndani, unaunyoosha kidogo kidogo kwa piopi, ile plasta ngumu, inayobadilishwa kila wiki. Baada ya piopi tano, sita hivi, wengi wanahitaji tundu dogo tu kwenye kano ya kisigino, kisha viatu vyenye upau. Saa 23 kwa siku miezi mitatu ya mwanzo, baadaye usiku tu, mpaka mtoto afike miaka minne au zaidi. Mwanafunzi anauona mguu unageuka mbele ya macho yake. Anarudi kwa yule mama wa Lulindi na nguvu nyingine.

SOMOE: Ila hiyo miaka minne ya viatu vya usiku ndiyo inayowashinda wazazi.

ISSA: Ndipo anapojifunza kuongea na bibi wa mtoto, maana bibi ndiye anayevivua usiku mtoto akilia.

SOMOE: Sisi kwetu kinachowavunja ni kifo cha kwanza. Mwanafunzi amemsaidia mama kujifungua, mtoto hakulia, wamehangaika na ambu, ile pampu ya kumpulizia hewa, hakurudi. Saa moja baadaye anatakiwa apokezane zamu kana kwamba hakuna kitu. Mmoja alinifuata akaniambia kesho harudi. Sikumhubiria. Nilimkalisha tukapitia hatua kwa hatua yale tuliyofanya, na nikamwonyesha kwenye jalada kwamba mama alifika mapigo ya mtoto yakiwa yameshashuka. Alihitaji kujua si mkono wake. Kesho yake nilimpangia kliniki ya watoto, apime uzito, aone watoto wanene wanaolia kwa afya. Akarudi leba wiki iliyofuata kwa hiari yake.

ISSA: Halafu anahitimu, anakaa nyumbani.

SOMOE: Hapo pana maneno. Kati ya kumaliza chuo na kupata ajira ya serikali kunaweza kupita muda mrefu. Wengi wanajitolea. Mimi sipingi kujitolea, mkono usipotumika unasahau. Napinga kumweka mhitimu mwenye leseni zamu za usiku mfululizo, kazi sawa na mwajiriwa, bila hata nauli. Mkurugenzi, kama unamhitaji kiasi hicho, mpe mkataba na posho. Na uandike kwenye barua ameanza lini, anafanya wodi gani, imsaidie kwenye intavyuu.

ISSA: Kuna waliolifikiria hili mapema. Mzee Mkapa, mtu wa Lupaso hapa Masasi, taasisi yake ilianza 2006, ikawa inapeleka watumishi wa afya wilaya za pembezoni, na ikajenga nyumba za watumishi. Nyumba, dada! Mtu hakimbii kijijini kwa kuchukia kijiji, anakimbia kwa kulala kwenye stoo ya zahanati.

SOMOE: Tuna swali, tulimalize. Msikilizaji wa Lindi mjini kaandika: "Nimemaliza stashahada ya uuguzi, leseni bado. Zahanati binafsi inataka nianze Jumatatu, wanasema leseni italetwa baadaye. Nifanyeje?"

ISSA: Wewe ndiye muuguzi.

SOMOE: Usianze. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka usajiliwe na uwe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla hujahudumia mgonjwa. Mgonjwa akipata madhara mikononi mwako, mwenye zahanati atasema hakujua.

ISSA: Na akimwambia nafasi itachukuliwa na mwingine?

SOMOE: Ichukuliwe. Mwanangu, mwambie akuandikie barua ya nia ya kukuajiri, ukimaliza mtihani wa Baraza na leseni ikitoka unaripoti siku ileile. Wakati unasubiri, jisomee, na ile dozi ya tatu ya chanjo ya homa ya ini kama hukuimaliza, nenda kaimalize. Maswali mengine tutumieni kwa sauti, na taja unatoka wilaya gani. Juma lijalo tuna mkunga mstaafu wa Kilwa, na Issa kashaanza kuogopa.

ISSA: Yule mama ndiye aliyempokea mdogo wangu alipozaliwa, lazima niogope.