Kabla ya Kulaumu Geti, Tazama Kaunta

Ndugu zangu mameneja, haya nimeyasema mara nyingi, na bado mageti ya kunasa wizi kwenye milango ya maduka yanalia ovyo. Kwa hiyo nayarudia.

Chanzo kikubwa kiko kaunta. Foleni ni ndefu, keshia anapitisha bidhaa mbiombio, lebo ya ulinzi iliyobandikwa kwenye bidhaa, ambayo yeye ndiye wa kuizima, haizimiki. Mteja aliyelipa pesa yake anafika mlangoni, king'ora kinalia, duka zima linamgeukia. Askari anatazama risiti, anaomba radhi. Kisha anakuja wa pili, na wa tatu. Baada ya siku chache askari hatazami risiti ya mtu. Akisikia mlio, anapunga mkono: pita, pita. Sasa aje mwizi na chupa ya wiski kotini. Geti litalia vizuri kabisa, naye atapungiwa mkono vilevile. Mtambo ulifanya kazi! Askari ndiye tuliyemzoesha kutouamini.

Najua kuna anayewaza, “Basi fundi aongeze nguvu.” Hapana, nakusihi! Ukiongeza usikivu wa geti, linasikia na takataka zote. Geti la kilohezi 58 (hayo ni masafa ya mawimbi yake) hurusha pigo fupi la mawimbi, hunyamaza, kisha husikiliza kama kuna lebo inayoendelea kutetemeka. Taa za LED za bei ya chini, chaja ya simu ya askari, mota ya friji: vyote vinaweza kuingilia ukimya huo. Zimeni kimoja kimoja mpaka mjue ni kipi.

Na stima ikipotea? Mageti mengi ya aina hii hupanga mapigo yake kwa kufuata umeme wenyewe, mizunguko 50 kwa sekunde. Jenereta ikiyumba, mpangilio nao unayumba. Fundi akija asubuhi stima imerudi, haoni kasoro, anaondoka, na mnalipa ankara. Andikeni saa ya kila mlio, na kama jenereta ilikuwa inanguruma. Daftari la shilingi chache litamsaidia fundi kuliko malalamiko.

Wenye mageti ya aina nyingine, ya megahezi 8.2, ondoeni rafu za chuma na nyaya zilizoviringishwa karibu na nguzo. Lebo msiibandike juu ya kopo wala foili.

Naona naonyeshwa saa. Mifuko ya foili, ambayo wezi huficha bidhaa zenye lebo ndani yake, tutaizungumza kwenye chai. Kesho kabla ya kufungua, mpe askari lebo hai, yaani ambayo haijazimwa, apite nayo: begani, kiunoni, kifundoni, karibu na nguzo na katikati kabisa. Halafu keshia aizime, askari apite nayo tena: sasa geti linyamaze.