Ukiambiwa jikaze, shika udongo

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kaka Elia leo ameingia studio na bonge la udongo wa mfinyanzi. Tueleze, kaka.

ELIA: Asante, dada. Baada ya kile kipindi chetu cha msiba, wanaume kadhaa walituandikia neno lilelile: sina la kusema. Mtu amefiwa na mkewe, kila anayekuja anamwambia jikaze, naye anajikaza mpaka usingizi unamhama.

REHEMA: Na sisi tukamwambia azungumze.

ELIA: Azungumze nini? Si kila uchungu unapitia mdomoni. Udongo haukudai maneno. Unaukanda, unaupiga, unaubonyeza, na palipopita kidole pako panabaki alama. Kile kilichokuwa kimekukaba kifuani kinapata pa kwenda.

REHEMA: Kuna atakayesema hayo mambo ya Ulaya.

ELIA: Jina la tiba ya sanaa, yaani kutuliza moyo kwa kuchora au kufinyanga, sawa, limetoka huko. Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza, aliugua kifua kikuu akalazwa sanatoria, hospitali ya wagonjwa wa maradhi hayo, akaona kuchora kunamtuliza, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake. Mwaka 1942 akaipa jina hilo. Lakini udongo wenyewe ni wa kwetu. Nenda Ikombe, karibu na Matema, Ziwa Nyasa. Wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu, kisha vinasafirishwa kwa mitumbwi kwenda sokoni.

REHEMA: Ila wale wako kazini, kaka. Wanatafuta riziki.

ELIA: Kweli kabisa, tusiwabandike jina la waganga. Ninachosema ni kwamba ujuzi na udongo tunavyo karibu.

REHEMA: Je, kuna waliopima?

ELIA: Wapo. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kutengeneza chochote kwa udongo, kalamu za rangi au vipande vya picha vya kubandika. Walipima kotisoli, ile homoni ya msongo, kwenye mate, kabla na baada. Kwa takriban robo tatu yao ilishuka.

REHEMA: Watu 39 ni wachache.

ELIA: Wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Kwa hiyo sitamwambia mtu aache dawa za sonona akafinyange. Kilichonigusa ni kwamba asiyewahi kushika brashi alinufaika sawa na mzoefu.

REHEMA: Hapo napapenda mno! Maana wengi hukimbia: mimi sijui kuchora. Hakuna anayekusahihisha hapa. Na nyie mliokaa pembeni, nawaomba, msimtafsirie mwenzenu. Akifinyanga kitu kama nyoka usimwambie ana hasira. Mwambie, nielezee ukipenda. Asipopenda, kaa naye tu.

ELIA: Na akitaka kukiponda, akiponde. Udongo ambao haujachomwa, hata ukikauka, ukiuloweka unarudi kuwa tope. Unaweza kutengeneza kile kinachokutisha, ukakitazama, ukakivunja, ukaanza kingine. Ukishapita motoni ndiyo basi tena.

REHEMA: Tusiufanye mchezo lakini. Udongo laini wenye maji mengi unaweza kufumua mambo kwa kasi, hasa kwa aliyepitia ukatili. Ndiyo maana mtaalamu anaweza kumwanzishia mtu kama huyo penseli au krayoni, kitu kigumu kinachomwachia usukani. Ukiona unatetemeka, au tukio linakurudia kama liko mbele yako, acha. Nawa mikono, kanyaga chini vizuri, mwite unayemwamini. Kisha mtafute mnasihi au afisa ustawi wa jamii.

ELIA: Na udongo, wa mjini ataupata wapi?

REHEMA: Awaulize wauza vyungu na majiko, wanajua unakochimbwa. Akikosa, vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kidogo kidogo hadi kimoja, akande. Watoto wanaupenda sana huo.

ELIA: Na ule wa kweli ukikauka sakafuni, msifagie. Vumbi lake lina madini ya silika, linaharibu mapafu. Futeni kwa kitambaa chenye maji.

REHEMA: Kaka zetu mliotuandikia, kipindi hiki ni chenu. Mkijaribu, tuandikieni tena, hata kama bado hamna la kusema.