Lugha na Dini Hazina Mpaka Mmoja

Ndugu zangu watazamaji mlioko nyumbani, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kunitegea sikio tena. Tangu nianze kuishi ughaibuni nimezoea kukutana na watu ambao, wakishasikia lugha ninayozungumza kwenye simu, hunikisia dini yangu papo hapo, na wengine ambao, wakishaijua dini yangu, hunitajia lugha wanayodhani nimekua nayo. Hawana nia mbaya. Hata hivyo wanakosea, na kosa lao ni la kijiografia, tena ni lile lile ambalo na sisi hulifanya tunapowatazama wengine, ndiyo maana nimeona leo tulizungumze kwa kirefu.

Tuanzie Malta, nchi ya visiwa vidogo katika Bahari ya Mediterania. Lugha ya Wamalta ilichipuka kutoka Kiarabu kilichozungumzwa huko na Sicily enzi za utawala wa Waislamu, uliofika Malta mwaka 870, na hadi leo ndiyo lugha pekee ya jamii ya Kisemiti, yaani ukoo wa Kiarabu na Kiebrania, iliyomo katika orodha ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Lakini Wamalta walio wengi ni Wakatoliki, na katiba yao inautaja Ukatoliki kuwa dini ya taifa. Mkatoliki wa Malta anapomtaja Mungu husema Alla, na mfungo wa siku 40 unaotangulia Pasaka huuita Randan. Lisikilizeni neno hilo vizuri, kwa maana ni Ramadhani yenyewe iliyobadilika matamshi. Dini ya wale walioileta lugha iliondoka, lugha ikabaki, na dini iliyofuata ikalikuta neno la mfungo liko tayari vinywani mwa watu, ikaliingiza katika Kwaresima yake.

Jiografia ya binadamu huuelewa utamaduni kuwa ni jumla ya mambo ambayo watu hujifunza na kurithishana: lugha, imani, desturi, namna ya kujenga na ya kulima. Neno la kushika hapo ni kujifunza, kwa sababu hakuna anayezaliwa na lugha au dini katika damu yake. Carl Sauer, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alieleza mwaka 1925 kwamba utamaduni ndio mtendaji, ardhi ya asili ndiyo malighafi, na mandhari ya kitamaduni ndiyo matokeo. Kwa maelezo hayo, mashamba, njia, makaburi, nyumba za ibada na hata majina ya mito ni maandishi ambayo watu wameyaacha juu ya ardhi, na mwanajiografia kazi yake ni kuyasoma.

Sasa, kila jambo la kitamaduni lina chimbuko, na kutoka huko husambaa kwa njia kadhaa. Pengine watu huhama nalo, pengine hupita kutoka jirani hadi jirani, na pengine huanza kwa watawala na watu wa mijini ndipo liwashukie wengine. Lugha na dini zote mbili zimepita njia hizi, ila hazisafiri kwa mwendo mmoja, na mimi naona hapa ndipo ulipo ufunguo wa jambo lote. Mtu mzima anaweza kusilimu au kubatizwa kati ya asubuhi na jioni, lakini hawezi kulala na lugha moja akaamka na nyingine, kwa kuwa lugha huingia utotoni na jamii huchukua vizazi kadhaa kuiacha. Tena lugha huongezeka juu ya lugha, na mtu mmoja akawa na tatu au nne bila ugomvi wowote, ilhali dini nyingi humtaka muumini aache ile ya kwanza. Nasema nyingi kwa sababu Japani wapo watu wengi wanaoshiriki ibada za Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, na za Kibuddha kwa pamoja.

Kuhusu nasaba ya lugha, tuna mfano mikononi mwetu, nao ni neno kitabu. Limetoka katika Kiarabu, ambamo wingi wake ni kutub. Kiswahili kilipolipokea hakikuuchukua wingi huo. Kilisikia silabi ki mwanzoni, kikaliweka katika ngeli ya kiti na viti, na tangu hapo tunasema vitabu. Maneno ya kuazima yanaweza kujaa katika lugha kama wageni wanavyojaa sebuleni, lakini anayepanga nani akae wapi ni sarufi, na sarufi yetu ni ya Kibantu. Ndiyo maana wanaisimu huutafuta ukoo wa lugha katika sarufi na katika msamiati wa msingi, na anayesema Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa anawahesabu wageni akamsahau mwenye nyumba.

Dini nazo wanajiografia huzitenganisha kwa makundi mawili. Zipo zinazowaalika watu wote, kama Ukristo, Uislamu na Ubuddha, na zipo zilizofungamana na jamii na ardhi fulani, kama Uyahudi, Uhindu na Shinto. Dini ya kundi la kwanza inaweza hata kupungua mno katika chimbuko lake. Ubuddha ulianzia kaskazini mwa Bara Hindi, ukapewa nguvu na mfalme Ashoka katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ukafika Sri Lanka, China na Japani, lakini leo Wabuddha hawafikii asilimia 1 ya watu wa India. Na dini inaposafiri hubeba hati yake: Kiajemi na Kiurdu si lugha za Kisemiti, lakini huandikwa kwa hati inayotokana na ya Kiarabu.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Pakistani. Nchi hiyo ilizaliwa mwaka 1947 kwa msingi wa dini moja, ikiwa na sehemu mbili zilizotenganishwa na ardhi ya India kwa takriban kilomita 1,600. Zaidi ya nusu ya wananchi walizungumza Kibengali, na karibu wote hao waliishi upande wa mashariki, lakini mwaka 1948 Muhammad Ali Jinnah, mwanzilishi wa taifa hilo, alitangaza mjini Dhaka, huko huko mashariki, kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu peke yake. Wanafunzi walikataa. Tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwapiga risasi waandamanaji mjini Dhaka, na baadhi yao wakafa kwa sababu ya kuidai lugha ya mama zao. Katiba ya mwaka 1956 ilikuja kukitambua Kibengali, ila jeraha halikupona, na pamoja na dhuluma nyingine za kisiasa na kiuchumi likaifikisha sehemu hiyo kwenye vita na uhuru wa Bangladesh mwaka 1971. Mwaka 1999 UNESCO iliitangaza tarehe hiyo ya Februari kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama. Waliouana walikuwa, kwa walio wengi, watu wa dini moja.

Kule Balkani, kusini mashariki mwa Ulaya, mambo yaligeuka. Waserbia, Wakroatia na Wabosnia huelewana bila mkalimani, lakini wa kwanza kwa kawaida ni Waorthodoksi, wa pili Wakatoliki na wa tatu Waislamu, na baada ya Yugoslavia, nchi iliyowaunganisha, kuvunjika kila upande uliipa lugha ile jina lake.

Nimalizie kwa mji wa Córdoba, kusini mwa Hispania. Msikiti wake mkuu ulianza kujengwa katika karne ya 8, na mji ulipotekwa na mfalme wa Castilla mwaka 1236 ukafanywa kanisa. Katika karne ya 16 Wakristo walijenga kanisa kuu katikati yake, lakini nguzo zaidi ya 800 zilibaki, na matao ya mistari myekundu na myeupe yanaizunguka madhabahu hadi leo. Nje, hatua chache kutoka ukutani, unapita mto ambao wenyeji wanauita Guadalquivir. Jina hilo, ambalo Mhispania hulitamka kila siku kama neno la kwao, ni la Kiarabu: wadi al-kabir, yaani mto mkubwa.